Matone Mawili ya Verni

Siku ya tisa baada ya kumzika mama, binti wa mdogo wangu alituwekea diski ya matanga. Kindu ya leo ndivyo ilivyo: mtu akifa anaitwa mpiga kamera, na kabla macho hayajakauka familia inaketi sebuleni kujitazama ikilia. Mimi sikupenda, nakuambia ukweli. Lakini nilikuwa mgeni, nimetoka Lubumbashi kwa safari ya kuchosha, na mgeni hapangi mambo ya nyumba ya watu. Nikavuta kiti, nikakaa.

Picha ilitoka nyeusi. Binti akashika telekomande ya televisheni, akapandisha mwanga, mama akawa mweupe ndani ya jeneza lake mpaka hatukumtambua. Akashusha, mama akapotea. Akafika kwenye rangi, akafika kwenye sauti, na hapo ndipo fujo ilipoanza. Shangazi mmoja anasema ongeza, hasikii nyimbo. Mwingine anasema, "Aka! Punguza, unatupiga masikio!" Mtoto wa watu kachoka, akanigeukia mimi kwa sababu ndimi mkubwa pale.

"Mama mukubwa, sauti tuweke wapi?"

Nami bila kufikiri nikajibu, "Weka kwenye tone."

Wote walinitazama. Tone gani? Mdogo wangu peke yake ndiye aliyeelewa. Aliinuka, akaingia chumbani kwa mama, akatoka amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitenge cha zamani cha Chama, kile chenye picha ya Rais na kofia yake ya chui.

"Yaya, nilikuwa nakutunzia hii," akasema, maana mimi ni dada yake mkubwa, yaya.

Nilijua ni nini kabla hajakifungua. Nikakipakata vilevile, kimefungwa, na picha za matanga sikuziona tena. Ngoja nikueleze wewe, maana wale sebuleni hawakuuliza, na mimi nimekaa nalo hili jambo miaka mingi mno.

Sisi tulikuwa watoto wa kambi ya reli. Nyumba za matofali, mistari iliyonyooka, king'ora cha depo kinalia asubuhi na mchana, na kila mama wa kambi anapika kwa king'ora hicho. Baba alikuwa Mkasai, reli ndiyo iliyomleta. Mama alikuwa mtu wa Kibombo, mwana wa Waislamu, na kwa wali hakuna aliyemshinda kambi nzima. Baba alitaka bugali, mama akampa wali, wakabishana kila juma, na sisi tukala vyote viwili. Raha ilioje! Siku nyingine ni sombe, majani ya muhogo yenye mawese mengi, siku nyingine samaki wa Lualaba, na mchuzi wake tunaugombania kwa vidole.

Baba alikuwa mashinisti. Aliendesha treni ya mizigo kwenda kusini, siku tatu nne hayupo, na akirudi alinukia mazutu, mafuta ya mashini, na jasho, na mkononi ana mfuko: karanga za huku, vitunguu vya kule, kila stesheni na kitu chake. Alipokaribia Kindu alipiga honi fupi mbili na ndefu moja. Ilikuwa honi yake, kila mtu wa kambi aliijua. Mama akiisikia alitia mchele jikoni. Wali ulikuwa unaiva baba akifika mlangoni, kila mara, na mimi nilidhani baba wote duniani hufika hivyo.

Na tulikuwa na turnediski, mashini ya kupiga santuri. Usicheke! Siku hizi mtoto ana muziki wote ndani ya simu yake, lakini wakati ule, kambi yetu yote, turnediski zilikuwa chache. Yetu ilikuwa kisanduku cha rangi ya kahawia kama valizi ya safari, kifuniko chake ndicho bafle, spika yake, na mbele kuna butoni tatu za kuzungusha: ya nguvu, ya sauti nzito, ya sauti kali. Umeme wa kambi ukikatika tulitia mapili, betri zile kubwa. Mapili yakichoka tuliyaanika juu ya bati yaote jua, yapate roho kidogo, na hiyo ilikuwa kazi yangu. Kazi yangu nyingine ilikuwa kufuta diski kwa kitambaa laini cha kichwa cha mama. Nilikuwa na miaka tisa, na mama aliponikabidhi sindano ya turnediski niliringa kuliko gavana.

Sasa, ile butoni ya sauti kali ndiyo ilileta maneno. Ukiizungusha kidogo muziki unafifia, ukiizungusha sana unalia kama bati linalokwaruzwa. Mama siku moja alichoka nayo. Alichukua verni, ile rangi nyekundu ya kucha, akatafuta mahali ambapo rumba inasikika tamu kwa kila mtu, akatia tone dogo pembeni ya butoni. "Hapa. Njo hapa na musisogeze tena," akasema; njo, kwa Kiswahili chetu, ni ndiyo. Tukatii sote.

Sote isipokuwa baba. Akirudi safari, akishaoga, akishakula, aliinama mbele ya kisanduku na kuzungusha butoni mpaka mwisho wake. Majirani walifunga madirisha. Mama aliweka mikono kichwani, "Baba watoto, unataka kututoboa ubongo?" Baba alimtazama mdomo, akacheka, akaanza kutikisa mguu. "Sasa njo muziki!"

Mimi niliona ni mambo ya ladha tu. Baba alikuwa mtu wa kutia chumvi kabla hajaonja, na huku kwenye sauti niliona ni vilevile, anapenda kikali. Niseme nini, mtoto wa miaka tisa anajua nini? Tuliambiwa tusimwite baba kwa nyuma, twende mbele yake kwanza. Mama alisema baba amechoka na kelele za mashini. Tuliambiwa tuongee pole pole, na tumwangalie. Mama mwenyewe, akitaka kumwambia neno, aliacha mwiko jikoni, akaja mpaka mbele ya kiti chake. Nilidhani hiyo ni heshima ya ndoa.

Nikaona baba anapata taabu. Kila akirudi anapapasa, anarudisha, anasogeza tena. Nikamhurumia. Siku moja yuko safarini nikaiba verni ya mama, nikazungusha butoni mpaka pale anapopapenda, nikatia tone la pili. Kubwa kuliko la mama. Aliporudi nikamwonyesha kwa kidole: hii ya mama, hii yako. Baba alilitazama lile tone kwa muda mrefu. Kisha akaweka mkono wake mzito juu ya kichwa changu.

"Aksanti, shefu wa sauti," akasema.

Tangu siku ile hilo ndilo lilikuwa jina langu nyumbani.

Ikaja habari kwamba reli inatafuta mashinisti wa treni ya abiria. Baba alikuwa ameomba kazi hiyo miaka na miaka. Kuvuta makaa na magogo ni kitu kimoja, lakini kuvuta watu, wakupungie mikono, ushuke na kofia mpya! Baba alikuwa akilinyoosha mwenyewe koti atakalovaa siku hiyo, kwa pasi ya makaa, mara mbili kwa juma, na kazi hata hajapewa. Jina lake lilikuwa juu ya orodha. Ndipo mama akasema shefu wa depo aalikwe kula. Katika kambi yetu ndivyo ilivyokuwa: mtu anayengoja treni mpya humlisha shefu nyumbani kwake, shefu aone nyumba yake imetulia, mke na watoto wako sawa.

Jumamosi ilikuwa salongo, tulifagia kambi yote kama kawaida ya wakati ule, lakini mbele ya mlango wetu mama alifagia mara tatu. Jumapili alipika vya kutosha harusi. Wali, kuku, samaki, sombe, na lituma ya ndizi za kuponda kwa sababu alisikia shefu anaipenda. Na viti, mama alivipanga yeye mwenyewe. Shefu akae pale dirishani, usoni mwake pawe na mwanga. Baba akae mbele yake, amtazame. Turnediski aliifunika kitambaa, akaisukuma kwenye kona nyuma ya kiti cha baba. Niliuliza, leo hatupigi muziki? Akanijibu, "Leo hapana." Hakusema kwa nini. Mama wangu, kwa nini hukusema kwa nini?

Shefu alikuja na abakosi yake ya kijivu, ile suti isiyo na tai, akaitwa sitwayeni huku na sitwayeni kule, yaani mwananchi, kama Chama kilivyotaka, akacheka sana. Hakuwa mtu mbaya. Watu wakisimulia mambo kama haya hutaka awepo mtu mbaya, lakini yule alimpenda baba, walianza kazi pamoja kwenye atelie, karakana ya treni. Walizungumza vizuri sana. Baba alijibu kila neno, macho yake kwenye mdomo wa mgeni. Kisha shefu akaona kile kisanduku chini ya kitambaa.

"Eeh, turnediski! Tupige muziki kidogo basi."

Mama alikuwa jikoni. Mimi niliruka kama panzi. Shefu mkubwa kama yule anataka muziki, na mwenye sindano ni nani? Nikafunua, nikaweka rumba. Shefu akainuka na glasi yake, akaja kuinama karibu yangu, nyuma ya mgongo wa baba.

"Mutoto, weye njo unashika mashini hii?"

"Ndiyo, sitwayeni shefu."

"Na hii alama mbili nyekundu, njo nini?"

Nilijivuna. Mungu anisamehe, nilijivuna. "Hii ya mama. Njo ya watu wote. Hii ya mwisho njo ya baba."

"Ya baba, namna gani?"

"Baba akirudi tunaweka pale. Tusipoweka pale, hasikii."

Na ili aone kazi yangu, nikazungusha mpaka tone la baba. Muziki ukalia. Shefu akakunja uso, mkono sikioni. Na baba, bila kugeuka, akaanza kutikisa mguu, akainua mkono hewani kwa furaha yote.

"Sasa njo muziki!"

Nikarudisha kwenye tone la mama. Mguu wa baba ukasimama. Shefu akasema nyuma yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ndugu yangu." Baba akachukua kipande cha kuku. Shefu akasema mara ya pili, "Ndugu yangu, uko unanisikia?" Baba akatafuna.

Nilipoinua macho mama alikuwa mlangoni na sahani ya wali mikononi. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Alipita, akaweka sahani mezani, akainama mbele ya uso wa baba na kusema pole pole, "Baba watoto, mugeni anakuita." Baba akageuka na tabasamu. Akatuona sote, mimi na shefu na butoni. Tabasamu lile lilivyoshuka sitaki kulieleza.

Shefu alirudi kwenye kiti, akala chakula chote, akasifu lituma. Akiaga alimshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akakaa nao muda mrefu.

Juma lililofuata baba aliitwa kwa daktari wa reli. Jioni nilimsikia akimsimulia mama. Walimkalisha akitazama ukuta, muuguzi akasimama nyuma yake na kusema maneno ayarudie. Alirudia moja. Moja tu, na hilo nalo alibahatisha. Treni ya abiria akapewa mwingine, na ile ya mizigo pia akanyang'anywa, wakampeleka magazini, stoo ya depo, kugawia wenzake misumari na mafuta ya kulainisha. Koti lile likatundikwa nyuma ya mlango.

Mama aliniita jikoni. Nilingoja kofi, nililitamani hata. Alinitazama tu, macho mekundu kwa moshi au kwa kitu kingine.

"Kinywa yako, mutoto wangu," akasema. "Kinywa yako."

Basi. Hakulirudia tena maisha yake yote, na ningeona afadhali angelirudia, tukagombana, tukalia, tukaisha. Honi za treni ziliendelea kulia kila siku, honi za wengine, na mimi niliona jinsi mama alivyoacha kuchagua mchele na kuinua kichwa, kisha kuendelea kuchagua.

Mimi nilichukua wembe wa baba. Nilikaa mbele ya kisanduku nikaanza kulikwangua lile tone langu, huku nalia. Baba akanikuta. Alinishika mkono, akautoa wembe kati ya vidole vyangu.

"Wacha. Hii ni ya kwangu."

Akakaa chini sakafuni pamoja nami, yeye mtu mzima. Akaniambia kuna siku moja karibu na Kibombo mama mmoja alikuwa anavuka reli na mzigo kichwani, watu wanapiga kelele, msaidizi wake anapiga kelele, na yeye hakusikia kitu mpaka alipomwona mbele. Alisema tangu siku ile kila safari alikuwa anaogopa. Alisema, "Shefu wa sauti, weye uliniteremusha kwenye mashini kabla sijaua muntu." Je, lilikuwa kweli? Au alinihurumia, akatunga? Namjua baba, angeweza kutunga. Mpaka leo sijui.

Masikio yake yaliendelea kufa. Jumapili tulipopiga muziki alisema, "Weka ya mama yako, watu wafurahi," na yeye akavuta kiti karibu kabisa. Alikuwa na turnevisi, bisibisi ndefu ya mpini wa mti. Huko atelie, zamani, waliitumia kusikiliza mashini: ncha kwenye chuma, mpini sikioni, unajua ugonjwa uko wapi. Sasa sikio halikufaa, akauma mpini kwa meno, ncha akaigusisha kwenye bafle. Hivyo ndivyo baba yangu alivyosikia rumba, kwa meno. Wageni walicheka. Mimi nilitoka nje.

Kisha nikakua, nikaenda kusoma Lubumbashi, nikaolewa huko. Baba alipofariki treni zilikuwa zimeshaanza kusimama wiki hadi wiki, na mimi nilikaa stesheni siku sita na sanduku langu na mtoto mgongoni, nikingoja treni ya kunipeleka kumzika mashinisti. Haikuja. Alizikwa bila mimi. Neno la kuomba msamaha nilikuwa nimeliweka tayari tangu nikiwa na miaka tisa, nikabaki nalo.

Basi sasa unajua nilichokuwa nacho mapajani siku ile ya diski ya matanga. Nilikwenda nacho barazani, mdogo wangu akanifuata. Nikafungua kitenge. Kisanduku kilikuwa kimeliwa na mende pembeni, na ndani ya kifuniko kulikuwa na turnevisi, mpini wake umejaa alama za meno. Nilipitisha kidole kwenye alama zile, moja moja. Tone la mama lilikuwa limefutika karibu lote. Langu lilikuwa pale, na mkwaruzo wa wembe katikati. Na butoni ilikuwa imesimama juu yake, mwisho kabisa.

"Watoto wamechezea," nikasema.

"Hapana, yaya. Ni mama."

Nikamtazama.

"Tangu baba afe. Kila siku ya Mungu, mapili yakipatikana, anapiga ile rumba na anaweka pale. Mimi nilikuwa natoka, inapiga kelele mbaya sana. Nikamwuliza, mama, masikio yako nayo imekufa? Akakasirika! Akasema anasikia muzuri kuliko mimi. Na ni kweli, yaya, mama alikuwa anasikia mpaka panya kwenye dari."

"Sasa kwa nini?"

Mdogo wangu akaikunja kona ya kitenge, akaikunjua.

"Alisema, katika nyumba hii yote, mutoto mumoja tu njo alijua baba yenu anasikilia wapi. Alisema, kama si yaya yako, mimi leo ningemutafuta wapi?"

Nililia pale barazani kuliko nilivyolia kaburini. Sikuona haya. Miaka yote ile nikirudi Kindu kwa mama, tunakaa jikoni, tunachagua mchele, mimi nangoja aseme neno, naye labda ananingoja mimi. Wanawake wawili wazima! Na neno lilikuwa limewekwa kwenye butoni, chumba cha pili.

Kambi ya reli haipo tena, majani yameingia mpaka madirishani, na reli zenyewe mahali pengine watu wanaanikia nguo. Hakuna mama wa Kindu anayetia mchele kwa honi. Ndani, binti alikuwa bado anahangaika na telekomande, shangazi anasema ongeza, mwingine anasema punguza.

Niliomba plasta. Nikaibandika ile butoni vizuri, isisogee njiani, nikakibeba kisanduku hivyo hivyo mpaka Lubumbashi. Sasa kiko chumbani kwangu. Mapili nimenunua, diski iko ndani yake, na Jumapili nakaa mbele yake nimeshika plasta kwa ukucha. Sijaibandua bado. Nikiipiga pale kwa baba, nani atapiga kelele jikoni kwamba namtoboa ubongo?